Malaria mbili

Juzi binti yangu karudi shule, hata begi hajatua, anavua soksi huku anauliza, "Hivi baba, aliyetunga neno kigugumizi alikuwa anamcheka nani?"

Nikamwambia akawaulize BAKITA. Akasema BAKITA hawakai huku Chuno, Mtwara, wewe ndo unakaa Chuno. Huyu mtoto ananimaliza.

Kumbe kuna mwenzao mgeni kahamia darasani kwao, na wenzake wameshagundua mchezo, mapumziko wanamzunguka wanamwambia sema una nini, sema basi una nini, na akianza ki-ki-ki wanaangua kicheko. Binti yangu anasema yeye hakucheka. Nimeamua kumwamini, maana baba yake anamjua.

Mnaonijua kwa sura mnajua naongeaje. Mnaonisoma tu pengine hamjawahi kuhisi, vidole vyangu havina shida yoyote, naweza kuandika kigugumizi kigugumizi kigugumizi mpaka kesho na nisikwame popote. Kulisema ndo kazi. K inakaba koo, ukiivuka hiyo unakutana na G mbili zimepangana kama matuta ya barabarani, na ukijaliwa kuvuka yote pumzi imekwisha na uliyekuwa unaongea naye ameshakumalizia sentensi. Na huwa wanamalizia vibaya! Nusu ya maisha yangu watu wamenimalizia kwa maneno ambayo sikuyataka na mimi nikasema "ee, hilohilo" ili tu tuendelee.

Wenye kithembe wao walipendelewa bwana. Mwenye kithembe neno kithembe analitamka safi kuliko wengi wetu, si hiyo th ndo kwao, wakati wasio na kithembe wamejaa mtaani wanasema kisembe, selasini, samani ya nyumba. Waingereza ndo hawakumhurumia wa kwao, kithembe wanakiita lisp, wakamwekea S humohumo ndani. Na ile hali ya kuchanganywa na herufi wakati wa kusoma, dyslexia, jina lilianzia kwa daktari wa macho Mjerumani, Rudolf Berlin, miaka ya 1880, yeye alikuwa na wagonjwa watu wazima, baadaye jina likaja kuwaangukia watoto wa shule. Mtoto herufi hazimtulii, afu unampa Y na X kwenye neno moja, tena neno la kumweleza yeye mwenyewe.

Na kulikuwa na mwalimu wetu Newala, Mungu amrehemu, akikasirika anatugombeza, "Tatizo renu nyie watoto ni rafudhi!" Sisi Wamakonde tulikuwa tunaweka L kila mahali, yeye kazi yake ilikuwa kuzigeuza zote ziwe R, hata zile zilizokuwa sahihi. Tulicheka chini ya madawati. Mimi nilicheka sana, maana ilikuwa nafuu siku moja kichekesho awe mtu mwingine.

Mtoto mwenye kigugumizi anajifunza kukwepa mapema kabisa, kabla ya kujumlisha na kutoa. Nimekula sana ming'oko, vile viazi vya porini, utotoni, watu wakadhani naipenda, hapana, inaanza na M. Mabibo, yale matunda ya mkorosho, pia. Korosho, ambayo ndo iliyotuvisha na kutusomesha sote kule juu, nilikuwa naionyesha kwa kidole. Newala hiyo, mtoto hawezi kusema korosho! Na mstarini asubuhi baada ya mchakamchaka tunahesabu namba, nikiona hesabu inakuja nitaangukiwa na tatu au tano au kumi nachomoka najifanya kufunga kiatu (kiatu chenyewe sina), najichomeka mbele au nyuma mpaka nipate nne au saba. Mwalimu wa zamu alikuwa ananichapa kwa kuvuruga mstari. Fimbo zile nilizipokea kwa moyo mmoja, zilikuwa nafuu.

Jina ndo halikwepeki. Kila neno lina ndugu yake unayeweza kumtuma badala yake, lakini jina lako halina ndugu. Langu linaanza na B. Mpaka leo napigiwa simu naulizwa naongea na nani, nanyamaza nikiisukuma hiyo B, na wa upande wa pili anaanza halo, halo, mtandao unakata, anakata simu. Nimeisingizia minara ya watu sana.

Sasa safari yenyewe. Nilikuwa nimemaliza la saba, nimefaulu, na mwalimu mkuu akamwambia mama kwamba Mtwara mjini wapo madaktari wanaojua mambo ya koo na ulimi, nipelekwe kabla sijaanza sekondari maana huko kuna kusimama na kujieleza, tena kwa Kiingereza. Mama akampelekea habari kaka yake. Kwetu mambo ya mtoto mwamuzi ni mjomba, baba alikuwepo, alitikisa kichwa tu. Mjomba akasema "Haya."

Inabidi niwaambie kuhusu hiyo "Haya" yake. Mjomba alikuwa mkimya, na ukoo mzima ulimheshimu kwa ukimya huo. Kikao cha ndugu kinaweza kuchukua usiku kucha, watu wanapayuka, yeye kakaa kwenye kona na kofia yake, mwisho wanamgeukia, anakohoa kidogo, anasema "Haya" au "Hapana" na imekwisha hiyo. Watu walisema busara. Mimi mwenyewe nilikuwa namwangalia nawaza nikikua nitakuwa hivi.

Tiba nyingine zilishajaribiwa. Bibi alishaninywesha kombe mara nyingi tu, sahani nyeupe, maandishi ya zafarani, ile dua ya Nabii Musa kwenye Surat Taha, anamwomba Mola amfungulie fundo lililo katika ulimi wake ili wapate kuifahamu kauli yake. Sikatai baraka zake. Ila kilichonishangaza siku zote ni kwamba hiyo dua nikiisoma madrasa na wenzangu, kwa sauti moja, sikwami hata herufi. Rabbi-shrah lii sadrii inatiririka yote. Nikitoka nje kumwomba mwenzangu kalamu, ka-ka-ka. Ukubwani nimekuja kusoma kwamba ndivyo kilivyo kwa watu wengi, ukiimba kinapotea, ukisoma pamoja na wenzio kinapotea, ukiwa peke yako ukiongea na upepo kinapotea. Kinarudi akitokea mtu anayesubiri jibu.

Wiki ile ya safari nilikwenda Shimo la Mungu kufanya mazoezi. Mnaoijua Newala mnajua pale, nyanda inakatika ghafla unabaki unaangalia bonde chini kuelekea Ruvuma na Msumbiji ng'ambo. Nikasimama nikalitupia bonde neno lenyewe, kigugumizi! Likatoka zima. Nikarudia na sentensi kamili, nasumbuliwa na kigugumizi daktari. Safi kabisa, kama mtangazaji wa RTD. Nikateremka nyumbani najua kwamba hata kama hawatanitibu, angalau nitawaambia naumwa nini.

Basi lilitoka alfajiri, Tandahimba, Nanyamba, vumbi mpaka kwenye kope, hayo mnayajua, niruke. Tumefika mjini tumefika hospitali, foleni ya dirishani imeshavuka mlango.

Dirisha lenyewe naliona hadi sasa. Nondo zimepakwa rangi ya maziwa, rangi imebanduka pale watu wanaposhika, na kijitundu chini cha kupitishia daftari na hela. Ndani dada kavaa sketi ya bluu, kalamu kaichomeka kwenye nywele. Siku zile ulikuwa unakwenda na daftari lako la shule ndo linakuwa cheti, mjomba alilinunua nje na akamwomba muuzaji aandike jina langu juu ya jalada. Nilidhani ni kwa sababu hajui kuandika vizuri.

Shikamoo, nikasema. Sh haina shida.

"Marahaba, jina?"

Mjomba akalisukuma daftari kwenye kijitundu. Nikapumua.

"Umri?"

Kumi na kitu. K. Nikaonyesha vidole, vikaisha, nikaonyesha vingine. Dada akacheka kidogo, si kwa ubaya, akaandika.

"Unasumbuliwa na nini?"

Nililivuta neno langu kutoka Shimo la Mungu. Mdomo ukafunguka, umbo la ki likakaa tayari, na hakuna kilichotoka. Kuna kukwama kwa kurudia, ki-ki-ki, hiyo watu wanaijua na kuicheka, afu kuna ile nyingine ambayo hakuna sauti kabisa, umesimama mdomo wazi, shingo imekaza, macho yamejifunga yenyewe, na mguu wa kulia unapiga sakafu kana kwamba unasukuma pikipiki iwake. Hiyo ndo ilinipata. Nilipofumbua macho foleni yote ilikuwa inanitazama.

"Ki..." nikaipata hatimaye. "Ki... ki..."

Na hapo ndo mama mmoja nyuma yangu, mwenye mtoto mgongoni, kwa huruma kabisa, akasema, "Kikohozi."

Nikatikisa kichwa hapana.

"Kifua basi," akasema mzee mwingine.

Hapana.

"Kichomi?" "Kichocho huyo, muone macho." "Kisukari, kuna watoto wanapata." Jamani, sikuwa najua magonjwa ya Kiswahili yaliyoanza na ki ni mengi hivyo, foleni nzima iliamka, waliokuwa wanasinzia ukutani wakasogea kuchangia, kila mtu na lake, kifafa, kifaduro, kiungulia. Kijana mmoja akasema kwa sauti ya chini kisonono, wakacheka wenzake, mama mwenye mtoto akamgeukia akamwambia shika adabu yako. Afu mwingine kule mwisho, sijui alisikia nini, akauliza, "Nani ana kipindupindu?" na foleni ikarudi nyuma hatua nzima, nikabaki mimi na mjomba peke yetu mbele ya dirisha.

Dada akachomoa kalamu kwenye nywele akamnyooshea mjomba. "Baba, wewe ndo uliyemleta. Mtoto ana ki nini?"

Mjomba akakohoa. Akavua kofia, akaikunja, akaivaa tena. Na mimi nikasubiri ile sauti yake moja nzito ya kumaliza vikao.

"Ki," akasema mjomba.

Kimya.

"Ki... ki..."

Nikamwangalia. Shingo imekaza. Macho yamefumba. Na chini, ndani ya kandambili, mguu wake wa kulia ulikuwa unapiga sakafu, polepole, mapigo yaleyale ya kwangu.

Sijawahi kuwaeleza watu vizuri nilichohisi pale na leo pia sidhani nitaweza. Si huruma. Aibu kidogo ilikuwepo. Lakini kubwa zaidi ilikuwa kama nimemfumania mtu. Miaka yote ile, Haya, Hapana, kikohozi, kofia, ile kona anayokaa, hela alizokuwa ananituma mimi dukani wakati duka liko hatua tano kutoka alipokaa. Wanasema katika watu wazima mia kama mmoja hivi anacho, wanaume wengi kuliko wanawake, na hupenda kutembea kwenye ukoo. Kwenye ukoo wetu kilikuwa kimetembea kimevaa kanzu ya busara na hakuna aliyekitambua.

Dada akaweka kalamu chini. "Mmekuja kunichezea hapa?"

Mjomba akafumbua macho akaniangalia mimi. Watu wazima hawamwangalii mtoto hivyo. Nikajua hapa ni lazima mmoja wetu aseme kitu, chochote, na mwenye neno la kuazima nilikuwa mimi.

"Homa," nikasema. Ikatoka safi.

"Sasa hiyo homa ndo mlikuwa mnaizungusha hivyo?" Akaandika homa kwenye daftari, akagonga mhuri, akamwita anayefuata.

Yaliyobaki yalikwenda mbio. Maabara, kidole kikatobolewa, tukakaa kwenye benchi tukala ming'oko ya shilingi chache, jina langu likaitwa (kuitwa si tatizo, tatizo ni kujiita), daktari akalitazama daftari, mimi hakunitazama, akasema malaria mbili, ndivyo walivyokuwa wanataja vijidudu walivyovikuta kwenye damu. Naapa. Sikuwa na homa, sikuwa na kichwa, nilikuwa nimetoka kukimbia kwenye makorongo juzi yake, na wakanikuta na malaria mbili. Siku hizi nafahamu kwamba sehemu zenye malaria nyingi kama kwetu mtoto anaweza kutembea na vijidudu kwenye damu na asiumwe. Siku ile nilichofahamu ni kwamba nimesema uongo na damu yangu imeutetea. Tukapewa klorokwini kwenye bahasha ya karatasi. Mjomba akalipa, akasema "Haya", tukatoka. Yule daktari wa ulimi, kama alikuwepo, hatukumwona.

Njiani kurudi tulikaa kiti cha nyuma kabisa, juu ya injini ya kelele na mabati yanayogonga, mtu wa kiti cha mbele hawezi kukusikia hata ukipiga kelele. Kuanzia Nanyamba mjomba akaanza kuongea. Sikuwahi kumsikia akiongea hivyo na sikumsikia tena baadaye. Aliongea kwa kigugumizi chake chote, bila kukohoa, bila kofia, anakwama anapiga mguu anaendelea. Alinieleza kwamba aliwahi kuitwa kazi ya ukarani bandarini, siku ya kwanza wakamwambia asimame ataje jina lake mbele ya wenzie. Akarudi Newala akapanda mikorosho. Mikorosho haiulizi, alisema, ingawa hiyo "mikorosho" ilichukua kilima kizima kutoka. Halafu akaniambia, mjomba (na sisi ndo tunaitana hivyo wote wawili, mkubwa na mdogo), mjomba, wewe soma. Tulipofika Tandahimba gari likazima, kukawa kimya, naye akanyamaza.

Nimekaa na hili miaka mingi na kila nikitaka kulitolea somo linanikatalia. Kuna siku naona alikuwa ananiambia nisifiche kama yeye alivyoficha. Siku nyingine naona alikuwa ananifundisha jinsi ya kuficha vizuri zaidi, soma, upate kazi ya kuandika, usiongee. Kama ni hilo la pili basi nimemtii kabisa, niko hapa nawaandikia. Binti yangu nilimjibu kwamba aliyetunga neno hakumcheka mtu, alisikiliza tu afu akaandika alichosikia. Akasema basi angeandika na zile kimya zake pia. Sikuwa na jibu.

Tumefika nyumbani usiku, mama na bibi wako kibarazani na koroboi.

"Kaka, daktari kasemaje?"

"Malaria mbili," mjomba akasema. M haina shida.

"Na ulimi je?"

Mjomba akakohoa. "Hawakuuliza."

Mama alitaka kuendelea, bibi akamkatisha. Bibi alikuwa ameshaelewa kila kitu. Malaria huwa inapanda kichwani, si mnajua, sasa huyu mtoto yake ilipanda ikaishia ulimini, ndo maana kombe halikufanya kazi, tulikuwa tunatibu kingine! Asubuhi mtaa wote ulishapata habari. Nikameza klorokwini ile mpaka mwisho wa dozi, mtoto mwenye afya njema, najikuna usiku kucha mgongo na nyayo kwa ule muwasho wake, na mchana majirani wanapita kunisalimia na kunisikiliza kwa makini, wananiulizauliza vitu ambavyo jibu lake si refu, kuona kama ulimi umeanza kushuka. Nilikuwa nawajibu kwa M na kwa H na kwa S, wakaondoka wameridhika. Jirani mmoja akarudi jioni kumuuliza mama zile dawa zinauzwaje, na yeye ana mjukuu wake.